Hakuna Aliyeanza na Utupu

Hotuba iliyotolewa katika mjadala wa wazi mjini Kisumu, mbele ya walimu, wanafunzi na viongozi wa dini

Bi. Mwenyekiti, wazee wetu, wachungaji na maimamu mliokubali mwaliko, walimu wenzangu, wanafunzi mliosafiri kutoka Maseno, Bondo na Kakamega, mabibi na mabwana, hamjambo.

Hoja iliyo mezani inasema kwamba ulimwengu ungeweza kutokea pasipo kitu chochote. Mhandisi aliyefungua mjadala ameiunga mkono kwa kudai kwamba fizikia ya kisasa imekwisha kulithibitisha jambo hilo, na kwamba lililobaki ni sisi kulizoea. Mchungaji aliyemfuata ameipinga kwa kusema kwamba kisichokuwepo hakizai kitu, na kwamba hata mtoto wa chekechea analijua hilo. Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa jinsi mlivyonitazama nilipoitwa, nadhani wengi mmekwisha kuniweka upande wa mhandisi. Sipo huko. Naipinga hoja hii, ila namwomba mchungaji asifurahi mapema, kwa kuwa sababu alizozitoa nazo nitazigusa, na sitazigusa kwa upole mwingi.

Nianze na madai ya mhandisi, kwa sababu yana uzito na yanastahili kusikilizwa kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Historia ya fizikia, ukiitazama kwa jicho la hoja hii, ni historia ya kuondoa. Kwa karne nyingi wafuasi wa Aristotle walifundisha kwamba maumbile hayavumilii mahali patupu. Katika miaka ya 1640 Mwitaliano Evangelista Torricelli alionyesha kwamba zebaki iliyojazwa katika mrija wa kioo, mrija huo ukipinduliwa ndani ya bakuli la zebaki, hushuka hadi kimo cha sentimita 76 hivi, na juu ya zebaki hiyo hubaki nafasi isiyo na hewa. Hewa ikawa imeondolewa. Lakini nuru ilipita katika nafasi hiyo bila shida, na wanasayansi wa karne ya 19 wakahitimisha kwamba lazima pana kitu kinachoibeba, kitu walichokiita etha. Mwaka 1887 Albert Michelson na Edward Morley walikitafuta huko Cleveland wasikipate, na mwaka 1905 Albert Einstein akaonyesha kwamba hakihitajiki. Etha nayo ikaondolewa. Mtu aliyeishi wakati huo angeweza kusema kwa haki kwamba sasa tumefika kwenye utupu wenyewe.

Hakuwa amefika. Anga lililo mbali kabisa na nyota, katikati ya galaksi na galaksi, ambako mtu angedhani hakuna chochote, lina fotoni, yaani chembe za nuru, zipatazo 400 katika kila sentimita moja ya ujazo, nazo ni masalia ya joto la ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban miaka 380,000. Tuseme tunaziondoa hizo pia. Tunaondoa kila chembe, kila mwale, tunapoza kila kitu hadi kusiwe na joto la kupunguza. Fizikia ya kwanta, ile inayoeleza tabia za vitu vidogo mno kama atomu, inasema kwamba hata hapo hubaki nyuga, zile ambazo elektroni na fotoni ni mitikisiko yake, na kwamba nyuga hizo haziwezi kutulia kabisa. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alibashiri kwamba mabamba mawili ya metali yasiyo na chaji yoyote, yakiwekwa karibu sana ndani ya ombwe, yaani mahali palipoondolewa kila kinachoondoleka, yatavutwa kuelekeana kwa sababu ya mitikisiko hiyo. Mwaka 1997 Steve Lamoreaux aliipima nguvu hiyo kwa usahihi ulioondoa shaka. Kwa hiyo ombwe la mwanafizikia lina tabia, lina nishati, lina sheria linazozitii, na laweza kusukuma chuma.

Nasisitiza hapa kwa sababu mhandisi amesema, na watu wakapiga makofi, kwamba chembe huibuka katika utupu kila sekunde, basi kwa nini ulimwengu usiibuke. Chembe hizo huibuka katika uga. Kuuita uga huo kutokuwepo kwa kitu ni kutangaza kwamba nyumba haina mtu ilhali mwenyewe amekaa sebuleni. Na nitaongeza neno ambalo wanafizikia wenzangu hawapendi kulisikia hadharani: ombwe hili tunalolitumia kama msingi wa maelezo makubwa kiasi hicho bado hatujalimudu. Tangu mwaka 1998, makundi mawili ya watafiti yalipogundua kwamba upanukaji wa ulimwengu unaongezeka kasi, tumekuwa tukijaribu kulinganisha nishati ya ombwe tunayoikadiria kwa nadharia na ile inayoonekana angani. Makadirio ya kawaida yanazidi kile kinachopimwa kwa kiasi cha 1 ikifuatwa na sufuri 120 hivi. Mwanafunzi wangu akiniletea jibu la namna hiyo kwenye mtihani wa majaribio, simwombi aeleze chanzo cha ulimwengu. Namwomba arudie hesabu.

Lakini haingekuwa haki kuishia hapo, maana wako waliokwenda mbali zaidi ya ombwe. Mwaka 1973 Mmarekani Edward Tryon alichapisha katika jarida la Nature makala fupi iliyouliza kama ulimwengu mzima ni mtikisiko mmoja wa ombwe. Nguvu ya hoja yake ilikuwa katika hesabu. Maada na mnururisho, kama vile nuru, vina nishati chanya. Uvutano kati ya vitu hivyo huhesabiwa kuwa nishati hasi, kwa kuwa ili kuvitenganisha vitu vinavyovutana ni lazima uongeze nishati kutoka nje. Ukijumlisha zote katika ulimwengu unaojifunga wenyewe, yaani wenye ukubwa unaohesabika ingawa hauna ukingo, jibu ni sifuri. Na kwa kuwa fizikia ya kwanta huruhusu mtikisiko kudumu muda mrefu zaidi kadiri nishati yake inavyokuwa ndogo, mtikisiko wenye jumla ya sifuri waweza kudumu bila kikomo. Tryon aliandika, kwa utulivu wa kuchekesha, kwamba ulimwengu wetu huenda ni mojawapo tu ya mambo yatokeayo mara kwa mara.

Hebu tuiangalie hesabu hiyo kwa macho ya hapa mjini. Kijana wa Kondele akikopa shilingi 150,000 kwenye sacco na kununua pikipiki, ana mali ya shilingi 150,000 na deni la shilingi 150,000. Mhasibu akijumlisha, anapata sifuri. Hata hivyo pikipiki ipo, inabeba abiria hadi Mamboleo, na akigongwa nayo mtu hataambiwa kwamba amegongwa na sifuri. Hapo Tryon yuko sahihi kabisa: jumla ya sifuri haizuii vitu kuwepo, na yeyote anayesema kwamba ulimwengu mkubwa namna hii lazima ulihitaji hazina kubwa ya nishati ya kuanzia amepitwa na hoja. Lakini sifuri ya mhasibu siyo iliyozaa pikipiki. Kulikuwa na sacco, kulikuwa na sheria zake ndogo za kukopesha, kulikuwa na wadhamini waliotia sahihi. Sifuri ni jumla ya hesabu baada ya shughuli kufanyika. Haielezi shughuli ilifanyikia wapi na kwa kanuni gani. Tryon mwenyewe alihitaji ombwe la kutikisika, pamoja na sheria zinazoliruhusu litikisike.

Hatua iliyofuata ndiyo ninayoiheshimu kuliko zote. Mwaka 1982 Alexander Vilenkin, mzaliwa wa Ukraine anayefanya kazi Marekani, alijaribu kuondoa hata nafasi na wakati. Alitumia jambo linalojulikana vizuri katika fizikia ya atomu. Mwaka 1928 George Gamow alieleza kwa nini chembe za alfa huponyoka kutoka katika kiini cha atomu kama ya uraniamu ilhali hazina nishati ya kutosha kukiruka kizuizi kinachozizunguka: katika fizikia ya kwanta, chembe ina uwezekano mdogo lakini halisi wa kupenya na kuonekana upande wa pili. Vilenkin aliuandika mlingano wa namna hiyo kwa ajili ya ulimwengu mzima. Akauanzisha ukiwa na nusu kipenyo cha sifuri, yaani usio na nafasi yoyote ndani yake, na hesabu zikatoa uwezekano wa ulimwengu huo kupenya kizuizi na kutokea ukiwa mdogo mno, mdogo kupita kiini cha atomu, lakini tayari uko katika hali ya kupanuka kwa kasi kubwa. Hakuna maada iliyowekwa kabla, hakuna mahali, hakuna saa inayohesabu. Kama kuna mahali ambapo mhandisi angeweza kusimama na kudai ushindi, ni hapa.

Na ni hapa ambapo Vilenkin mwenyewe alisita. Aliona kwamba mlingano wake unahitaji sheria za kwanta na za uvutano ziwe zinatumika wakati ulimwengu zinaoutawala bado haupo, akauliza sheria hizo zilikuwa zimeandikwa wapi. Swali hilo hakulitolea jibu la kifizikia, na kwa maoni yangu hakuwa na la kutoa. Mlingano si kitu kisichokuwepo. Unasema hiki chaweza na kile hakiwezi, unatoa uwezekano mkubwa kwa hali fulani na mdogo kwa nyingine. Palipo na yanayowezekana na yasiyowezekana, pana kitu, hata kama kitu hicho hakina uzito wala mahali.

Mwaka mmoja baadaye, mwaka 1983, James Hartle na Stephen Hawking walileta pendekezo jingine ambalo mara nyingi huchanganywa na la Vilenkin ingawa linasema jambo tofauti. Wao walipendekeza kwamba tukirudi nyuma kuelekea mwanzo, wakati hupoteza tabia yake ya wakati na kuwa kama upande mmojawapo wa nafasi, kiasi kwamba hakuna dakika ya kwanza, kama ambavyo uso wa dunia hauna ukingo. Hawking alipenda kusema kwamba kuuliza kilichokuwepo kabla ya mwanzo ni kama kuuliza kilicho kusini mwa Ncha ya Kusini. Tazameni pendekezo hili linavyoifanyia hoja ya leo. Halisemi kwamba palikuwa na utupu, kisha ukatokea ulimwengu. Linasema kwamba hapakuwa na kabla. Na hata tukiliacha pendekezo lao kando, tukibaki na kile kinachokubalika na wengi, yaani kwamba upanukaji tunaouona ulianza takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita, bado ni kweli kwamba ikiwa wakati wenyewe ulianza hapo, basi hapajawahi kuwa na dakika ambayo ulimwengu haukuwepo. Ulimwengu wenye umri unaohesabika, ambao hata hivyo umekuwepo wakati wote uliowahi kuwepo. Hoja ya leo inautaka "utokee", na kutokea kunahitaji awali ambayo kitu hakipo na baadaye ambayo kipo. Awali hiyo tunaitoa wapi?

Nimesema nitamgusa mchungaji. Kauli yake kwamba kisichokuwepo hakizai ni ya kale na ya heshima. Mwanafalsafa wa Kigiriki Parmenides aliitetea zaidi ya miaka 2,400 iliyopita, na sidhani kama kuna kizazi ambacho hakikuirudia. Lakini tuulize tumeijuaje. Mchungaji ametuambia kwamba ngege hawachipuki kwenye beseni tupu la mama muuza samaki pale Dunga, na ukumbi ukacheka, nami nikacheka. Hata hivyo beseni tupu lina hewa, lina nafasi, lina wakati unaopita, na linatawaliwa na sheria zote zinazolitawala ziwa. Ngege hawachipuki humo kwa sababu zipo sheria zinazokataza. Kutokuwepo kwa kitu chochote, kama tunakusema kwa dhati, ni kutokuwepo pia kwa sheria zinazokataza. Hakuna mtu aliyewahi kuichunguza hali hiyo, hakuna aliyewahi kuiweka mezani akasubiri aone kama itazaa au haitazaa. Uzoefu wetu wote ni wa kitu kutokana na kitu. Tunachoweza kudai kutokana na uzoefu huo ni kwamba vitu vilivyomo ulimwenguni hutokana na vitu vingine. Kuhusu ulimwengu wenyewe, uzoefu haujasema lolote.

Mwanafalsafa wa Uskoti, David Hume, aliliona hili mwaka 1739. Alionyesha kwamba wanaothibitisha ulazima wa kisababishi kwa kusema kwamba, bila hicho, kitu kingekuwa kimesababishwa na utupu, wanakuwa wamekwisha kudhani lile wanalotaka kulithibitisha, kwa sababu anayekana kisababishi hasemi kwamba utupu ndio kisababishi, anasema hakuna. Na kwa kuwa Hume husingiziwa sana, niongeze kwamba mwaka 1754 aliandika barua akilalamika kwamba hakuwahi kusema kitu chaweza kutokea bila kisababishi. Alichosema ni kwamba uhakika wetu juu ya jambo hilo hautokani na ithibati. Ni tofauti ndogo kuitamka, lakini mijadala mingi ya namna hii huzama katika tofauti hiyo.

Mchungaji pia ametaja ithibati ya mwaka 2003 ya Arvind Borde, Alan Guth na Vilenkin, akisema kwamba imefunga kesi: ulimwengu una mwanzo. Ithibati hiyo inasema kwamba ulimwengu ambao kwa wastani umekuwa ukipanuka hauwezi kuwa umefanya hivyo bila kikomo upande wa nyuma. Inaweka mpaka kwa upanukaji. Kuhusu kilicho ng'ambo ya mpaka huo haiamui, na ndiyo maana Vilenkin anaamini palikuwa na mwanzo ilhali Guth ameelekea kuamini kwamba huenda haukuwepo. Ikiwa waandishi wa ithibati moja wanatofautiana kuhusu suala hilo, tusiitumie kama hukumu ya mahakama ya juu.

Kuna hadithi moja ya karne iliyopita ambayo napenda viongozi wa dini na wanasayansi waisikie wakiwa wamekaa chumba kimoja, kama leo. Mwaka 1927 kasisi wa Ubelgiji, Georges Lemaître, alitumia milingano ya Einstein kuonyesha kwamba ulimwengu unapanuka, miaka miwili kabla ya Edwin Hubble kuchapisha vipimo vyake mashuhuri vya galaksi zinazotukimbia. Mwaka 1931 akaandika barua fupi katika Nature akipendekeza kwamba ulimwengu ulianza kama kwanta moja, yaani fungu moja la nishati lisilogawanyika, na kwamba mwanzoni kabisa maneno nafasi na wakati hayakuwa na maana yoyote. Wapo waliomshuku kwamba analeta Kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Mwingereza Fred Hoyle alikuwa miongoni mwa waliochukizwa na wazo la mwanzo, na ni yeye aliyelipa jina la Mlipuko Mkuu katika kipindi cha redio ya BBC mwaka 1949. Nadharia aliyoiweka badala yake, pamoja na Hermann Bondi na Thomas Gold, ilisema kwamba ulimwengu hauna mwanzo, na kwamba kadiri unavyopanuka, maada mpya huzaliwa kidogo kidogo kujaza mapengo. Yaani mtu aliyekimbia mwanzo mmoja alijikuta na mianzo isiyohesabika, atomu moja hapa, nyingine kule, kila wakati. Nadharia hiyo ilikosa nguvu baada ya Arno Penzias na Robert Wilson kutangaza mwaka 1965 kwamba wamegundua mnururisho wa zile fotoni nilizozisema, masalia ya joto la ulimwengu mchanga, lakini sijawahi kuidharau. Ilionyesha kwamba kukubali kitu kutokea pasipo kitu si tabia ya upande mmoja wa ukumbi.

Upande wa pili wa hadithi hiyo unamhusu Papa Pius wa 12. Mwezi Novemba mwaka 1951 alilihutubia baraza la wanasayansi la Vatikani na kuzungumza juu ya ugunduzi wa wakati huo kana kwamba sayansi imeshuhudia kwa macho yake uumbaji. Aliyehuzunika ni Lemaître, kasisi. Yeye alishikilia kwamba nadharia yake, kwa kadiri alivyoiona, iko nje ya suala lolote la kidini, na kwamba inamwacha asiyeamini huru kukana na anayeamini huru kuamini. Alijua kwamba imani inayotundikwa juu ya nadharia ya fizikia huanguka siku nadharia inapobadilishwa, na nadharia za fizikia hubadilishwa.

Na hapa, Bi. Mwenyekiti, nafika kwenye lile hasa nililokuja kulisema. Tumsikilize muumini kwa makini zaidi ya tunavyomsikiliza kwa kawaida. Katika Kitabu cha Pili cha Wamakabayo, mama anayemwona mwanawe akienda kuuawa anamwambia kwamba Mungu hakuziumba mbingu na nchi kwa vitu vilivyokuwepo. Kurani, katika Sura At-Tur, inawauliza wakanushaji kama wao wameumbwa pasipo kitu chochote, na swali linaulizwa ili jibu liwe hapana. Mama yule hakusema kwamba hapakuwa na lolote. Palikuwa na Mungu. Masimulizi ya Wabukusu, kaskazini mwa hapa tulipo, yanasema kwamba Wele Khakaba aliumba kwanza mbingu, makao yake mwenyewe, akaitegemeza kwa nguzo pande zote kama paa la nyumba, kabla ya kuumba jua na mwezi. Anaanza na Wele. Mwanazuoni wa Kiislamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitetea kwamba ulimwengu una mwanzo; mwanafalsafa Mwislamu Ibn Rushd akamjibu kwamba wahenga wa Kigiriki hawakukosea kuuona kuwa wa milele; na wote wawili walianza na Mwenyezi Mungu. Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki, alikwenda mbali kiasi cha kusema kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kwamba ulimwengu una mwanzo, hata kama yeye aliliamini hilo kwa imani, kwa sababu kwake kuumbwa kulimaanisha kutegemea, na kitu chaweza kutegemea hata kama kimekuwepo daima. Sijui mchungaji wetu anamweka wapi Aquinas, lakini ni vigumu kumwita mlegevu wa imani.

Kwa hiyo muumini haanzi na utupu. Mwanafizikia, kama tulivyoona kwa Tryon, Vilenkin na Hawking, haanzi na utupu. Anaanza na sheria, na kila kizazi kimejitahidi kuanza na kidogo kuliko kizazi kilichotangulia. Yuko pia mtu wa tatu, ambaye hajasema leo lakini najua yumo ukumbini. Mwaka 1948, katika mjadala na Padre Frederick Copleston kwenye BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell alisema kwamba ulimwengu upo tu, na basi. Yeye naye haanzi na utupu. Anaanza na ulimwengu. Tofauti kati ya hawa watatu ni kubwa, na sitaki kuipunguza kwa ajili ya amani ya jioni hii. Lakini ni tofauti kuhusu mahali pa kusimama, pale ambapo mtu anasema, hiki sikitafutii kingine nyuma yake. Mwaka 1714 mwanafalsafa wa Kijerumani Leibniz aliuliza kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na chochote, na jibu lolote linaloanza na kitu, kiwe sheria, kiwe Mungu, kiwe ulimwengu, linaacha swali lake likiwa limehamishwa tu, isipokuwa kwa yule anayeamini kwamba kitu chake hakiwezi kabisa kutokuwepo. Kudai hivyo kuhusu Mungu kuna historia ndefu ya hoja. Kudai hivyo kuhusu sheria za fizikia ndiko ambako wenzangu hufanya kimyakimya, bila kutoa hoja, na hilo ndilo ninalowalaumu.

Mwanafunzi mmoja ameniuliza wakati wa chai kama basi kazi ya wanafizikia hawa ni bure. Si bure hata kidogo. Kuonyesha kwamba nafasi na wakati si lazima viwe msingi wa kila kitu, kwamba vyaweza kuwa na maelezo kama vile joto lilivyopata maelezo ya mwendo wa atomu, ni miongoni mwa mawazo makubwa zaidi ambayo binadamu amewahi kuyafikiri, na linaweza kufikiriwa Bondo kama linavyofikiriwa Cambridge, kwa kuwa vifaa vyake ni karatasi, kalamu na hisabati ya kutosha. Ninachokataa ni kulipamba kwa jina lisilo lake, kisha kulileta mbele ya watu kama habari kwamba swali la kale limefungwa.

Bi. Mwenyekiti, kanuni ulizotusomea zinamruhusu msemaji wa tatu kupendekeza marekebisho. Naomba hoja irekebishwe isomeke hivi: kwamba fizikia inaweza kueleza jinsi nafasi, wakati na maada vilivyopatikana kutoka katika hali isiyo na nafasi, wakati wala maada, endapo sheria za maumbile zitachukuliwa kuwa zipo. Hoja hiyo ikikubaliwa nitaiunga mkono, na nitafurahi kumsikia mhandisi akiitetea na mchungaji akiitia kwenye mizani. Isipokubaliwa, kura yangu ni ya kupinga.